Maneno Yaliyokatwa kwa Rula

Ofisi ya kamusi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo na ofisi ya wapima ardhi, na ngazi zake zilikuwa hamsini na nne. Aliyezijua vizuri kuliko wote ni bawabu, kwa sababu ndiye aliyepandisha kila kitu: maboksi ya karatasi, mitungi ya maji, na siku moja hata mkuu wa ofisi mwenyewe alipoteguka mguu. Bawabu huyu alikuwa na miaka sitini na tisa, mwembamba, mvutaji wa sigara tangu ujana wake, na tumboni mwake, juu kidogo ya kitovu, mshipa mkuu wa damu ulikuwa umetuna ukakaribia ukubwa wa chungwa. Hakuna aliyejua. Yeye mwenyewe alijua tu kwamba kuna kitu. Kwa siku tisa za kazi angeweza kufa kila alipoinua boksi, na siku hizo zote tisa mtu aliyeweza kumwokoa aliketi mbele yake na kalamu mkononi.

Mtu huyo alikuwa mhariri wa herufi A. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, msomi wa lugha, mpole nyumbani na mkali kazini, mwenye mwandiko mzuri kiasi kwamba wenzake walimpa kadi zao awaandikie. Kamusi waliyokuwa wakiitunga ilikuwa ya maneno ya hospitali, kwa ajili ya watu wasio madaktari, ili mgonjwa akiambiwa jina la ugonjwa wake asitoke pale ameduwaa. Kazi ya maana, hakuna anayebisha. Lakini ofisi ikikaa na kazi ya maana miaka mingi, huwa inaanza kupenda taratibu zake kuliko kazi yenyewe, na hii ilikuwa imekaa miaka kumi na moja.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila neno lilipewa kadi tatu. Nyeupe ilikuwa ya maana, ya manjano ilikuwa ya asili ya neno, nyekundu ilikuwa ya tahadhari, yaani dalili na hatari. Kadi nyekundu iliandikwa na daktari mshauri, ikafungiwa kwenye mtoto wa meza ya mkuu, na mhariri hakuruhusiwa kuisoma mpaka ile nyeupe ipite. Mkuu aliamini kwamba woga unaharibu maana. "Mtu akishaogopa haelewi tena," alipenda kusema, na hapo hakuwa mjinga kabisa.

Ili kadi nyeupe ipite, ilisomwa kwa sauti mbele ya msikilizaji, mtu asiyejua habari za tiba, naye aliirudia kwa maneno yake kana kwamba anamweleza jirani. Akipunguza kitu, kadi inarudi kuandikwa upya. Akiongeza kitu ambacho hakikuwemo, inarudi vilevile, kwa sababu ina tundu ambalo msikilizaji ameliziba kwa kubahatisha. Majibu yake yote yaliandikwa neno kwa neno, yakatiwa tarehe, kisha aliyoyaongeza yakakatwa kwa rula na penseli nyekundu. Kukata kwa mkono mtupu kulihesabiwa uchafu.

Msikilizaji alikuwa bawabu. Kazi hiyo aliifanya mwaka wa sita sasa, na ofisi nzima ilimwita Sijaelewa, kwa kuwa ndilo lililokuwa jibu lake la kwanza kwa kadi yoyote, hata ya mafua. Alikuwa hodari kweli. Kadi iliyompita yeye ilimpita kila mtu. Kwa kawaida alihitaji siku mbili kwa kadi moja, tatu zikizidi.

Basi Jumatatu asubuhi mhariri alimketisha kwenye kiti cha msikilizaji, kiti cha mbao kisicho na mto ili asisinzie, akamsomea neno jipya.

"Aneurizimu ni sehemu ya ateri iliyopanuka na kutuna baada ya ukuta wake kudhoofika. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini."

"Sijaelewa," alisema bawabu.

Hilo halikumshtua mtu. Jumanne mhariri aliongeza mfano: sehemu hiyo hutuna kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyojitokeza pale tairi lilipochakaa. Bawabu alifumba macho akasikiliza, akayafumbua.

"Mshipa umechakaa mahali pamoja," alisema. "Damu inausukuma, unaota kitambi. Halafu kile kitambi kinadunda."

"Hapo mwisho, mzee. Kadi haijasema kinadunda."

"Lakini kinadunda."

"Kadi haijasema."

"Basi iseme, binti yangu. Kinachoizuia ni nini?"

Mkuu alikuwa akipita na kikombe chake. "Naona msikilizaji wetu amehitimu udaktari," alisema, na watu mezani wakacheka, bawabu akiwa wa kwanza. Mhariri aliandika "kinadunda," akachukua rula, akakata.

Jumatano alidhani amegundua kasoro. Neno "moyoni" ndilo linalomfanya mzee afikirie mapigo. Akaliondoa, akaisoma kadi upya. Safari hii bawabu alichukua muda, mkono ameuweka juu ya mkanda wa suruali.

"Ukilala chali ndiyo unaisikia vizuri. Juu ya kitovu, hapa. Ni kama teke la mtoto. Mama watoto, Mungu amrehemu, alikuwa akinieleza hivyohivyo alipokuwa na mimba ya kijana wangu."

Mhariri aliandika yote, kwa kuwa kanuni ni kanuni, kisha akayakata yote. Hata marehemu mama watoto alikatwa kwa rula.

Alhamisi ndiyo siku ambayo daktari mshauri hufika kupitia kadi za wiki, lakini wiki hiyo alikuwa kwenye mkutano mji mwingine. Mhariri alifurahi. Hakutaka daktari akute neno lake la kwanza la mwezi limekwama kwenye kadi nyeupe, wakati kadi yake ya manjano ilikuwa tayari na ilikuwa fahari yake. Mhariri aliyemtangulia alikuwa ameandika kwenye rasimu kwamba neno hilo linatokana na neva, na kwamba maana yake ya zamani ni hali ya kukosa neva. Mhariri wetu alikuwa amepekua kamusi za Kigiriki cha kale wiki mbili nzima, akapata ukweli. Neva hazimo. Neno limetoka kwenye kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kupanua, na ndani yake mna neno lao la kawaida la "pana," ambalo wangeweza kulitumia hata kwa barabara. Waganga wa kale waliona mshipa umepanuka, wakauita mpanuko, basi. Ugunduzi huo ulimfurahisha kuliko alivyoweza kumweleza mtu, na sasa ulikuwa umekaa kwenye faili ukimngoja mzee mmoja aache ubishi.

Ijumaa aliongeza sentensi aliyoitoa kwenye kitabu cha tiba, sentensi ya kweli kabisa: "Mara nyingi mwenye nayo hahisi chochote."

Bawabu akatikisa kichwa kabla mhariri hajamaliza kusoma. "Anahisi. Inapanda mgongoni, kama mtu anakukandamiza kwa kidole gumba kutokea ndani."

"Nani kakuambia?"

"Najua tu."

"Mzee, hapa hatusemi tunachokijua. Tunasema kilichosemwa na kadi."

Bawabu alicheka mpaka akakohoa, mkono mmoja amejishika tumbo. Mhariri aliuona mkono ule. Baadaye, watu walipomuuliza, hakuwaficha: aliuona, na alichowaza wakati ule ni kwamba mzee anapoteza muda.

Kulikuwa na jambo lingine aliloliona asilitilie maanani. Kwa kawaida bawabu alihitaji kuitwa mara mbili au tatu ndipo apande kwenye kiti cha msikilizaji. Wiki hiyo alikuwa akifika mwenyewe, amevaa shati safi, anakaa anangoja. "Leo tunaendelea na ile yetu?" aliuliza kila asubuhi. Mhariri aliamua kwamba mzee amepata mchezo wa kumchokoza, na akaapa hatampa nafasi ya kumwona amekasirika.

Jumapili mchana alikwenda kwa wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani aliyefanyia kazi sebuleni kwake, na kila mgeni alipewa nguo ya kufumua mishono wakati wa mazungumzo. Mhariri alifumua mikono ya gauni la bibi harusi huku akimwaga yote yaliyokuwa moyoni. Alianza na kadi ya manjano.

"Kwa hiyo Wagiriki wote wale na akili zao," alisema wifi, pini zimejaa mdomoni, "wakakaa, wakafikiri, wakasema ni 'upana'?"

"Mpanuko."

"Ningekupa mimi hilo bure. Nguo ikipanuka kiunoni nasema imepanuka, na hakuna anayeniita msomi."

Mhariri akacheka, akampiga kwa mkono wa gauni. Kisha akamweleza habari za bawabu: kinadunda, teke la mtoto, kidole gumba mgongoni, kila siku na lake. Aliigiza hata sauti ya mzee, na aliigiza vizuri. Wifi aliacha kukanyaga cherehani.

"Huyo mzee anaumwa?"

"Aumwe nini? Anatia chumvi tu. Ungemwona anavyobeba maboksi."

"Mimi nakuuliza tu, wifi. Mbona anajua mambo mengi hivyo?"

"Hajui kitu, ndiyo maana tukamchagua."

Wifi alimtazama, akatoa pini mdomoni kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akainua mabega na cherehani ikaendelea.

Wiki ya pili mambo yalizidi kuwa mabaya. Jumatatu mhariri alimwomba mkuu ruhusa ya kubadilisha msikilizaji kwa neno hili moja, ikiwezekana achukuliwe binti wa duka la vioo. Mkuu alikataa katakata. Msikilizaji aliyeirudisha kadi ndiye anayepaswa kuipitisha, la sivyo kila mhariri angezunguka mtaani kutafuta masikio laini. Jumanne kadi ilisomwa ikiwa na sentensi saba. Jumatano ilirudi kuwa na mbili. Bawabu alieleza kila kitu sawasawa, maana yote imo, safi, mhariri akaanza kushusha pumzi, na hapo mzee akaongeza, taratibu, kama mtu anayetoa taarifa kwa anayehusika: "Jana imenisumbua zaidi. Nilipopandisha ule mtungi nilikaa kwanza kwenye ngazi."

Mhariri aliandika. Aliona kwamba sentensi hiyo haina hata uhusiano na kadi, akaikata kwa mistari miwili.

Alhamisi asubuhi alimsomea tena, akajibiwa kwamba leo ni mgongo tu, tumbo limetulia. Akakata. Saa nne daktari mshauri alifika, akaketi kwenye meza kubwa ya kusomea, akavua saa yake kama kawaida, akaanza kupitia mafaili. Faili la aneurizimu lilikuwa nene kupita yote. Mhariri alisimama kando yake tayari kujitetea.

Daktari alisoma ukurasa wa kwanza haraka. Wa pili alisoma polepole. Kisha akaacha kusoma kilichobaki akawa anasoma kilichokatwa, kidole chake kikifuata chini ya mistari myekundu, tarehe baada ya tarehe.

"Haya ni maneno ya nani?"

"Ya msikilizaji wetu, daktari. Samahani sana, ana tabia ya kuongeza. Nimejaribu kila..."

"Nauliza mgonjwa ni nani."

"Hakuna mgonjwa. Ni majaribio ya kadi."

Daktari akamgeuzia faili. "Uliyoyabakiza ni maana ya neno. Uliyoyakata ni mtu anaueleza mwili wake mwenyewe. Yuko wapi?"

Mhariri alijua alipo. Asubuhi ile karatasi za mwezi zilikuwa zimeletwa, maboksi ishirini na nne, yakashushwa mlangoni, na kuanzia saa tatu alikuwa akisikia hatua za bawabu zikipanda na kushuka. Sasa alisikiliza. Hakusikia hatua.

Hakumbuki aliufikiaje mlango. Walimkuta kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, amesimama, boksi begani, kiganja ukutani, akipumzika. Alipowaona watu wawili wanashuka mbio alijisogeza pembeni kwa adabu awapishe.

"Usiinue kitu wala usiiname," alisema daktari. "Niachie mimi." Akamtua boksi lile yeye mwenyewe, akalisukuma kando kwa mguu.

Kuna ofisi ya wapima ardhi pale ghorofa ya pili. Walimlaza juu ya meza yao ya ramani. Daktari alifungua vifungo vya shati lile safi, na kabla hajaweka hata kidole, mhariri akaona kwa macho yake. Juu ya kitovu ngozi ilikuwa ikiinuka na kushuka, inainuka na kushuka, kwa mpigo. Hakukuwa na haja ya kadi. Mtu yeyote mwenye macho angeona, kama angewahi kutazama.

"Tangu lini, mzee?"

"Ina miezi. Nyumbani mkwe wangu anasema ni gesi."

Daktari alimchukua kwa gari lake mwenyewe, amelazwa kiti cha nyuma, mhariri ameketi sakafuni mwa gari ameshika kichwa chake kisiyumbe. Hospitalini kipimo cha picha kilionyesha kwamba mshipa ambao kwa kawaida una upana wa sentimita mbili ulikuwa na saba na nusu, na ukuta wake umekuwa mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Alasiri ile ile aliingizwa chumba cha upasuaji. Walikata kipande kibovu, wakashona mahali pake mrija wa kitambaa. Ilichukua saa tano. Mhariri aliketi barazani pamoja na mkwe wa bawabu, mwanamke mnene mpole aliyekuwa akirudia "nilijua ni gesi, mimi nilijua ni gesi," na kila aliposema hivyo mhariri alitamani kumwambia anyamaze, na kila mara alikumbuka kwamba huyu aliambiwa mara moja au mbili tu.

Alipona. Madaktari walisema alikuwa na bahati isiyoelezeka, na wanaposema hivyo huwa wanasema kweli.

Ofisini mkuu aliitisha kikao. Kadi nyekundu ya aneurizimu ilitolewa kwenye mtoto wa meza na kusomwa mbele ya wote. Ilisema kwamba mtu anayehisi kitu kinadunda tumboni, au maumivu ya kina ya mgongo yasiyo na sababu, aende hospitali siku hiyohiyo, asibebe kitu kizito, kwa kuwa mshipa ukipasuka wengi hufa kabla ya kufika. Wino wake ulikuwa wa mwezi uliopita. Iliamuliwa kwamba kuanzia hapo kadi nyekundu itasomwa kwanza. Mkuu aliunga mkono, na hakuna aliyefanya mzaha.

Siku ya nane baada ya upasuaji mhariri aliruhusiwa kumwona mgonjwa. Alikuwa amejipanga. Alijua atakachosema, alikuwa amekiandika hata kwenye karatasi, akakifuta, akakiandika tena. Wodi ilikuwa na vitanda sita, na bawabu alikuwa cha dirishani, amekonda zaidi, macho maangavu. Alipomwona alijaribu kujiinua, mshono ukamkataza.

"Karibu, binti yangu. Kaa, kaa hapa karibu." Akamshika mkono kabla hajapata pa kuuweka. "Nilikuwa nakungoja wewe. Wengine wamekuja, nimewashukuru, lakini nilikuwa nakungoja wewe."

"Mzee, mimi nimekuja kukuomba..."

"Ngoja niseme kwanza. Nyumbani nilisema mara mbili, wakaniambia gesi, nikanyamaza. Unajua mtu wa umri wangu akilalamika anaonekana anataka kudekezwa. Halafu wewe Jumatatu ile ukaanza kuniuliza. Nikasema, huyu ameniona. Kadi nyingine zote unasoma mara mbili tatu yanaisha, hii ukaishikilia, kila siku unaniketisha, unauliza, naeleza, unaandika. Hata siku niliyokwambia habari za mtungi, ukaandika. Nikasema binti wa watu ana adabu, hataki kuniaibisha mbele za watu, ananihoji kwa njia ya kadi. Siku tisa! Mwanangu wa kuzaa hajaniuliza siku tisa." Akamminya mkono. "Wala sikuwa na hofu. Nilisema, kama ingekuwa ya hatari, huyu angeniambia."

Mhariri alitazama ule mkono juu ya wake. Angeweza kunyamaza. Mzee alikuwa na furaha, na furaha ile isingemdhuru mtu yeyote. Lakini alikuwa amekaa miaka mingi akikataa kuacha kosa likae kwenye karatasi kwa sababu tu limependeza, na hakuweza kuanza leo.

"Sikuwa nakuuliza wewe, mzee," alisema. "Nilikuwa napima kadi. Kila ulichonieleza nilikikata."

Kwenye kitanda cha jirani nesi alikuwa akibadilisha shuka, akaikung'uta, akaitandika, akaondoka.

"Vyote?"

"Vyote. Kwa rula."

"Hata habari za mama watoto?"

"Hata hizo."

Mzee aliutoa mkono wake polepole, akauweka juu ya blanketi, akawa anautazama kama si wake. Alipouliza hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma mhariri kuliko yote. Alikuwa anataka kujua tu.

"Sasa siku zote zile, binti yangu, ulidhani nazungumza habari za nani?"

Mhariri alilitafuta jibu la kweli, na lilikuwepo.

"Za kadi," alisema.